Mteja wa Majaribio

Duka lilikuwa bado halijafunguliwa, na tayari lilikuwa na mteja.

Mkaguzi aliiona oda ile saa nne asubuhi: shati la kiume, mikono mirefu. Akapiga mwayo. Kazi yake katika ofisi ile ndogo ilikuwa kukagua maduka ya mtandaoni kabla wenyewe hawajakabidhiwa. Hupewa karatasi yenye vipengele thelathini na viwili: mteja aweze kutafuta bidhaa, aweze kuzitia kikapuni, aweze kulipa, aweze kubadilisha alichoagiza, aweze kughairi, aweze kufuta akaunti yake, na kuendelea. Kila kimoja unakijaribu kwanza, ndipo unakitia alama ya vema kwa kalamu. Kikishatiwa vema, hakuna mtu anayekigusa tena.

Kujaribu kunataka mteja wa uongo. Wenzake hujiita Fulani bin Fulani, wakaweka anwani ya ofisi. Yeye, jana yake, aliandika jina la marehemu mumewe na anwani ya nyumbani. Kwa nini? Msiniulize mimi. Tangu azike, miezi minane, alikuwa na ganzi mpaka kwenye roho. Hata jina la paka angeliandika. Aliagiza viatu namba arobaini na mbili, akakumbuka mumewe alivaa arobaini na tatu, akabonyeza kitufe cha kubadilisha, ikakubali. Basi, hamu ikamwishia hapo. Akashuka na kalamu mpaka chini, vema, vema, vema, bila kufungua kitu. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto kila siku.

"Fundi, umeingia kwenye akaunti yangu ya majaribio? Kuna oda ya shati sikuiweka mimi."

"Niingie kutafuta nini?" Fundi, aliyelijenga duka lile, hakuinua hata kichwa. "Labda mteja wako kapenda bei."

Saa tano ikaja oda ya suruali. Saa tano na nusu, soksi na mkanda. Mkaguzi akawa anaziangalia tu, kama mtu anayeangalia mvua ya mtaa mwingine. Kuna mtu alikuwa anajivika, kipande kwa kipande, wala yeye hakushtuka.

Aliyeshtuka ni Mama Deki, msafishaji wa ofisi. Aliingia na ndoo yake, akasimama, pua juu.

"Nani kaingia na udongo humu? Ndiyo kwanza nimepiga deki!"

Sakafu ilikuwa safi. Lakini harufu ilikuwepo kweli, harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa leo. Mama Deki aliinama kwenye kioo cha kompyuta. Siku za mapumziko watu humfuata kwake na magonjwa ambayo hospitali haijayaona, na hapo uso wake ukawa wa siku hizo.

"Hilo jina la nani, mwanangu?"

"La Baba Kidoti."

"Si marehemu huyo? Lahaula!" Sauti yake ikashuka. "Jina la marehemu haliachwi mlangoni tupu. Huyu si mumeo. Mumeo kapumzika. Huyu ni jini mpita njia, kaona vazi halina mtu, kalivaa. Na akishavaa, hutaka nyumba na watu wake. Mfute!"

Kabla hajajibu, ikaingia oda nyingine. Ilikuwa na picha, iliyopigwa kutoka juu, darini: Kidoti, bintiye wa miaka sita, amelala kwenye mkeka sebuleni, mdomo wazi. Idadi: moja. Iliyobaki: moja. Kufikishwa: leo.

Mkaguzi alijikuta amesimama kabla ya kujua kwamba anaogopa.

"Fundi! Kitufe cha kughairi kiko wapi?"

Fundi akaja, akatazama. "Dada, sikuwahi kukijenga. Hata cha kufuta akaunti. Nilisubiri uvikose kwenye ukaguzi uniambie. Nikaona umevitia vema, nikaviacha; kilichotiwa vema hakiguswi."

"Jenga sasa hivi!"

"Masaa mawili, nikikimbia."

Chini ya picha pameandikwa: Inafungashwa. Fundi akalizima duka lote, Mama Deki akachomoa waya wa kompyuta ukutani, na kioo kikabaki kinawaka vilevile, na mkaguzi akampigia simu mama mkwe wake, aliyekuwa nyumbani na mtoto, na yule bibi akapokea kwa kunong'ona kwamba mtoto kalala, mwanangu, ila humu ndani kuna mtu anatembea na viatu vipya, vinalia kwii, kwii, nikadhani ni wewe umerudi mapema, nimeita haitiki, na sasa hivi kasimama kwenye mkeka, navisikia tu viatu, mtu mwenyewe simwoni.

Kwenye ukurasa ule kilibaki kitufe kimoja. Badilisha. Kile alichokijaribu kwa mkono wake mwenyewe.

"Usithubutu," alisema Mama Deki.

Alibonyeza. Duka likamletea bidhaa moja tu ya kuchagua: mwanamke mezani, yeye mwenyewe, kapigwa picha kutoka juu, pembeni kikombe chake cha chai iliyopoa ikafanya utando. Akachagua. Imekubaliwa.

"Viatu vimetoka," alisema bibi kwenye simu. "Nimesikia mlango. Kidoti kaamka, anataka maji."

"Mpe, mama. Mpe maji mwanangu."

Ndipo ganzi ikamtoka, yote kwa mpigo. Miezi minane ikamwangukia mara moja, akalia kwa sauti, akamlilia mumewe, akamlilia mtoto, na akaogopa kufa, yeye ambaye mpaka asubuhi ile kufa na kupona kwake vilikuwa sawa. Alitaka kwenda nyumbani. Hakuwahi kutaka kitu namna ile.

Alivuta karatasi ya ukaguzi, akakata vema ya kughairi, akaandika kando yake: Hakuna.

"Kaka yangu, jenga," alimwambia fundi. "Kimbia."

Fundi alikuwa ameshaanza, jasho linamtiririka. Mama Deki alilaza fimbo ya deki kizingitini, akaanza kusoma chini chini. Kwenye kioo maandishi yakabadilika: Iko njiani.

Nyumbani mpaka ofisini ni mwendo wa dakika arobaini. Hazikupita hata tano. Harufu ya udongo ilitangulia kuingia, kisha wakavisikia viatu kwenye ngazi, vipya, namba arobaini na tatu.