Kabla ya Chafya

Pilipili ilimwagika kwenye makaa, na nyumba nzima ikapiga chafya isipokuwa Muntari.

Mama yake, Hajiya Dije, alikohoa mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Hansatu, mkewe, ndiye aliyeimwaga. Alijiziba uso kwa mtandio, na katikati ya machozi akamwona mumewe amekaa palepale mkekani, mgongo wima, moshi unamwingia puani kama unaingia dirishani. Macho yake hayakulowa. Hayakupepesa. Kisha Hansatu akanusa kitu kingine chini ya ule moshi, jasho la farasi, ilhali nyumba yao hapo Kano haikuwa na hata mbuzi.

Hajiya Dije alipopata pumzi alimtazama mwanawe kwa fahari. Akasema siku hizi kijana ana kifua, ameanza kuwa mwanaume.

Sasa, mwanaume ni nini? Waulizeni watu wa filamu, wao ndio mafundi wake. Mji mzima ulimjua Muntari kuwa jabali la mtu, mpanda farasi, mvunja milango, na ujabali wote huo ulikuwa wa kutengenezwa. Kamera iliwekwa chini karibu na udongo ili aonekane mrefu. Taa ilimpiga ubavuni ili taya lichongoke. Hata sauti haikuwa yake: upigaji picha ukiisha, mtu mwingine mwenye koo kama pipa aliingia studio akamtia maneno kinywani. Picha ya karibu hawakuithubutu kabisa. Kamera ikimsogelea, macho yalilainika, midomo ikaanza kutaka kucheka, na watazamaji wangeona kile ambacho Hansatu alikiona mlango ukishafungwa.

Mlango ukifungwa, Muntari alicheza. Alijifunga mtandio wa mkewe kiunoni, akapaka hina nyayoni mahali pa kufichwa na soksi, akaimba nyimbo za wanawake wanaotwanga, kwa sauti nyembamba, safi, mabega yakienda yenyewe. Hansatu alimrekodi kwa simu. Mwanzoni picha zilitikisika kwa kicheko. Baadaye alijifunza kumfuata taratibu, kusogea, kungoja, kumwachia nafasi ageuke. Muntari alimwambia kwamba kwenye filamu anafanya kazi, ila kwenye simu hiyo ndipo anapokuwa yeye. Alimdhuru nani? Mwenye jibu na asimame.

Kabla ya siku ile ya pilipili, Alhaji Gambo, mwongozaji, alikuwa amechoka kuuficha ule uso. Alitaka filamu yake ya vita iishe kwa picha moja ya karibu, ndefu, uso wa mwanaume asiyejua huruma. Siku nzima alijaribu kuupata kwa matusi.

"Wewe Muntari," alisema mbele ya watu wote, "naomba uso wa simba, unanipa uso wa bi harusi anayesubiri mahari."

Watu wakacheka, na Muntari akacheka nao, maana ndivyo alivyozoea kujiokoa.

Ndipo Alhaji akamleta mpiga goge, zeze la uzi mmoja ambalo watu wa bori, ile ngoma ya kupandisha pepo, huwaitia majini. Kila jini ana wimbo wake. Ukipigwa, humpanda mtu, na mtu huyo huitwa farasi wake. Alhaji aliagiza wimbo wa Mwenye Deraya, jini la vita vya zamani lenye vazi la chuma, linalochukia machozi. Mpiga goge akatoa sharti moja tu, kwamba wimbo usikatwe mpaka farasi apige chafya, kwa kuwa ni kwa chafya jini hushuka. Alhaji akaitikia huku akichungulia kwenye kamera.

Hansatu alikuwepo siku hiyo, kwani ndiye aliyemshonea mumewe mavazi ya filamu. Alikuwa amepiga goti akirekebisha pindo, akamsihi kwa kunong'ona akatae.

"Nikikataa," Muntari akanong'ona naye, "watauliza nina nini cha kuficha."

Goge likalia. Kamera ikaanza kusogea, polepole, ikaacha mabega, ikaacha shingo, ikabaki na uso peke yake, na Hansatu aliyekuwa akitazama kwenye kioo kidogo cha mwongozaji aliona ule ulaini ukiondoka kama maji yanavyonyonywa na mchanga, kwanza kwenye midomo, kisha mashavuni, mwisho machoni, mpaka uso ukawa wa mtu aliyezoea kutazama vijiji vikiungua. Wapiga picha waliacha kupumua. Na Alhaji Gambo, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota almasi, akasema neno alilolizoea.

"Kata."

Mpiga goge alisema bado hajapiga chafya. Alhaji akajibu kwamba chafya ingemharibia picha, na jua linazama, afunge zeze lake. Yule mzee alimtazama Muntari, akamtazama Alhaji.

"Nimelipwa kupiga," alisema, "sikulipwa kubishana."

Akalifunga goge kwenye ngozi, akaenda zake.

Tangu hapo mwenye koo la pipa hakuitwa tena, maana Muntari alikuwa na koo lake. Alhaji Gambo alileta kondoo wa shukrani nyumbani. Hansatu alipomwambia kuwa mumewe halali, hukaa kitandani wima akikodolea ukuta, Alhaji alicheka akasema mke mzuri angejua cha kumfanyia.

Halafu zikaja sauti. Muntari akivuka ua miguu mitupu, Hansatu alisikia vikuku vya chuma vikisagana, mamia kwa mamia, kana kwamba amevaa vazi zito, na harufu ya jasho la farasi na kutu ikabaki kwenye mito hata baada ya kufuliwa. Adhuhuri moja, akitwanga peke yake, aliamua kumwita kwa njia aliyoijua. Akaanza kuimba ule wimbo wa kutwanga alioupenda, kwa sauti ya chini, mara moja, mara ya pili, na vile vyuma vikaanza kusagana ndani ya chumba, vikaja ukumbini, vikaja uani, vikasimama nyuma yake, na mkono wa mumewe ukaushika wake, ukaviweka vidole vyake viwili kwenye mdomo wa kinu kwa utulivu kama anayepanga vyombo mezani, kisha ukaushusha mchi. Katika maumivu yale Hansatu alimwangalia usoni. Jicho la kulia lilikuwa kavu. La kushoto lilikuwa likitiririsha machozi.

Yumo, alijiambia. Bado yumo.

Akaenda kwa Bashari, kaka mkubwa wa Muntari, mkono umefungwa kitambaa. Alimweleza yote, na Bashari akapiga miayo. Basi Hansatu, kwa kukosa ushahidi mwingine, akafungua simu. Akamwonyesha ile mikanda ya chumbani ili ajue ndugu yake halisi ni yupi, jinsi alivyokuwa mpole, jinsi alivyocheka. Bashari alitazama mpaka mwisho.

"Kumbe ana jini," alisema. "Jini la kike."

"Kaka, hapana. Huyo ndiye yeye. Jini ni huyu wa sasa, huyu aliyenivunja vidole."

"Kuvunja vidole ni mume amekasirika," Bashari akajibu. "Kukata kiuno ndiyo jini."

Ijumaa baada ya sala akaja Malam Zubairu, mwalimu wa dini aliyeitwa na Bashari, pamoja na wanafunzi wake. Wakamfunga Muntari kwenye nguzo ya ukumbi, wakachoma dawa, wakasoma. Hansatu alisema kutoka mlangoni kwamba jini la namna hii hushuka kwa chafya, aitwe mpiga goge amalize wimbo wake. Malam akamwambia bori ni ushirikina, anyamaze.

Kisha akauliza nani yumo. Na yule wa deraya, aliyevijua vita na hila zake, akasogea kando tu, akampisha mwenzake mbele.

"Hansai," ilisema sauti nyembamba, kwa jina alilomwita Hansatu chumbani. "Ni mimi. Usiwaachie."

"Muntari," Hansatu akaita, kwa jina, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo mke wa pale hafanyi. Hajiya Dije akashika kichwa, akasema limempanda na huyu, na wanawake wawili wakamkamata Hansatu mikono.

"Mnaisikia hiyo sauti?" Malam akauliza. "Ni ya mwanamke."

Viboko vikaanza, na moshi ukaletwa karibu na uso, na sauti ile ikawa inaomba, inataja jina la Hansatu, inataja mtandio wa kijani, inataja vichekesho vya chumbani ambavyo jini gani angevijua, na kadiri ilivyotaja ndivyo Malam alivyopata hakika kwamba amemkamata jini mwenyewe, akaamuru wasilegeze, na ikaanza kuimba ule wimbo wa kutwanga, mshororo wa kwanza, wa pili, ikikatika na kurudi, ndogo, ndogo zaidi, wanawake wote mlangoni wakiutambua na hakuna aliyethubutu kuuitikia, mpaka katikati ya mshororo wa tatu ikaishia.

"Amina," ilisema sauti nzito.

Ukumbi ukapasuka kwa shukrani. Bashari alimkumbatia Malam. Hajiya Dije akapiga vigelegele, majirani wakamiminika, na mtu akaenda kumpigia simu Alhaji Gambo. Wakamfungua, wakamkalisha kwenye kiti kikubwa, wakamwita Hansatu aje amshike mkono mumewe.

Aliinama kumsalimu. Yeye akamwinamia sikioni, taratibu, na waliowaona waliona mapenzi.

"Farasi wengine hunyamaza siku ya kwanza," alimnong'oneza. "Huyu wako amekuita mpaka mwisho."

Hajiya Dije alimsukuma Hansatu begani, akamwambia aache kutetemeka mbele ya wageni, aende apakue. Mumewe amerudi, na ana njaa.