Pembe ya Msaragambo

Kila Jumamosi asubuhi, pembe ilipolia kijijini Mamba, watu walibeba majembe wakaenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Kazi hiyo ya pamoja iliitwa msaragambo. Wapare, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa nayo hata kabla Ujamaa haujatangazwa, na mtegaji, yaani anayekwepa kazi, alisemwa hadharani bila kuonewa haya. Lakini Ziada, msichana wa miaka kumi na miwili, pembe ikilia tu alitimua mbio akajificha migombani.

"Tumbo liliniuma," alisema kila Jumatatu shuleni.

Mara ya tatu hakuna aliyemwamini. Yudith, mwenzake wa dawati, alikusanya daftari zake. "Mimi sikai na mtegaji!" akasema, akahama. Tangu siku hiyo Ziada alicheza peke yake, akala peke yake, akarudi kwa shangazi yake peke yake. Upweke ulimuuma kuliko lile tumbo la uongo.

Sababu ya kweli ya kukimbia aliijua. Ila katika kambi ya mkonge alikoishi kwanza na shangazi yake, watoto walimwita "mkimbizi" mpaka akaichukia shule. Kwa hiyo hapa aliwaambia wote kuwa kwao ni Lindi.

Siku moja gari la sinema lilipanda kutoka Same. Walimu waliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, wakatundika shuka jeupe ukutani. Picha ilimhusu mtoto wa Msumbiji. Mlinzi wa kijiji chao alipuliza pembe: askari wa Kireno wanakuja! Mtoto akakimbilia porini, akatembea siku nyingi kwa njaa, hadi akavuka mto Ruvuma akaingia Tanzania, akawa huru.

Darasa zima lililia. "Masikini!" alisema Yudith. "Angekuwa hapa ningempa nusu ya kiporo changu."

Ziada alikuwa nyuma kabisa. Wanamlilia mtoto wa kwenye shuka, na wa darasani wamemsusa!

"Basi nipe mimi," alisema akisimama.

Yudith aligeuka. "Nikupe nini?"

"Hicho kiporo. Mimi sitoki Lindi. Natoka ng'ambo ya Ruvuma. Pembe ilipolia kwetu, mama alinisukuma nikimbie. Sikumwona tena. Mpaka leo nikiisikia, miguu inakimbia yenyewe. Tumbo haliniumi. Nilidanganya."

Walioketi mbele waligeuka wote.

"Mbona hukusema, mwanangu?" aliuliza Mwalimu Aminieli.

"Niliogopa watanicheka, mwalimu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwalimu taratibu. Kisha akawageukia wengine. "Na ninyi mlimhukumu kabla ya kumuuliza." Yudith aliinamisha kichwa.

Jumamosi, kabla pembe haijalia, Yudith alimfuata Ziada nyumbani. Wakapanda pamoja hadi kwa Mzee Fanueli, mpiga pembe, ambaye Yudith alikuwa amekwisha kumweleza habari za Ziada.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Ziada, leo pembe ni yako."

Ziada aliishika kwa mikono miwili, akapuliza. Ilitoka sauti kama ya mbuzi mwenye mafua, wakacheka wote watatu. Akapuliza tena kwa nguvu. Huko chini milango ilifunguka, watu wakatoka na majembe mabegani.

"Unawaona?" alisema Mzee Fanueli. "Wanakuja, hawakimbii. Siku nyingine ukiogopa, sema, mjukuu wangu. Uongo ulikuacha peke yako migombani. Ukweli umekupa mtu wa kukushika mkono."

Ziada alimtazama kila mama aliyepita bondeni. Mama yake hakuwamo, na hilo lilimuuma bado. Akachukua jembe, akashuka na Yudith kwenda kwenye ndiva.