Nilimtetea Mwizi kwa Kesi ya Hataza

Nina miaka ishirini na saba, nina shahada ya informatiki, na mdomo wangu huu ndio uliomfungia shangazi yangu kazi. Msinihurumie!

Tangu utoto nilikuwa mtu wa kuhoji. Padri nilimhoji, profesa nilimhoji. Lakini Dido, rafiki niliyefungua naye karakana ya kompyuta hapa Kisangani... huyo sikumhoji kitu.

Mimi nilitengeneza mashine, yeye alileta bareti, vile vipande vya kumbukumbu vinavyoipa kompyuta kasi, kutoka Butembo. Bei ilipopanda, nilisoma kwamba viwanda vya ng'ambo vinashtakiana juu ya hataza: kila kimoja kinadai uvumbuzi ni wake. Kinachoshindwa hulipa, kisha kinatutoza sisi! Dido alinisikiliza kwa makini ya ajabu.

"Bon, prof, na waclients uwaelezee vile vile."

Nikawaeleza. Nilipenda kuitwa prof!

Shangazi Béatrice alinisomesha kwa sekretaria yake, kibanda cha kuchapia kazi za wanafunzi karibu na chuo. Msimu wa kutetea kazi hizo ulipofika, alituletea kompyuta zake mbili tuzitoe vumbi. Ziliporudi kwake zikawa zinajikokota. Nikamwambia anunue bareti, nikamtajia bei. Akashtuka.

"Watu wanagombana huko mbali, mashine yangu inaingia wapi? Juzi ilikuwa inakimbia, leo iko mugonjwa. Nani aliifungua?"

Swali gani lingeshinda hilo? Mimi nilicheka! Nikamjibu, "Tantine, hizi ni sheria za kimataifa, hutazielewa."

Aliondoka bila kununua. Wanafunzi hawangoji, wana tarehe zao mbele ya jury ya maprofesa. Walihamia kwa wachapaji wengine, mmoja baada ya mwingine... Kabla msimu haujaisha, shangazi aliuza kompyuta zote mbili akafunga.

Siku moja nilitafuta bisibisi katika kabati la Dido. Nikakuta bareti saba. Mbili zilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Hapa kwetu mwenye akili hutia alama hiyo kwenye vipande vya mashine kabla ya kuipeleka kwa fundi, na rangi ile niliijua. Ilikuwa ya shangazi! Dido alikuwa akimchomolea kila mteja bareti moja, kisha anamwuzia nyingine kwa bei ya kesi ya hataza.

Unadhani nilipomwuliza aliona haya? Alinicheka machoni!

"Mimi nilisema nini? Wewe ndiye uliwaambia. Mimi sijui hata brevet, hiyo hataza yako, ni nini, prof!"

Nilimpelekea shangazi bareti zake. Akazitazama kiganjani mwake.

"Nitaziweka ndani ya nini?"



Kesi za hataza zipo, na bei zilipanda kweli. Ndiyo maana uongo ulipita mlangoni bila kubisha. Ndugu msomaji, jua mambo ya dunia upendavyo, lakini kwanza fungua mashine iliyo mbele yako! Na anayesifu mno maelezo yako, acha kumtazama usoni. Mtazame mikono.