Toa Moja

Kila alipotoka shule, Mbishi alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa kitu kingine. Alifagia vipande vya vitambaa katika chumba cha kushonea, akaokota pini sakafuni kwa sumaku iliyofungwa uzi, kisha akatia tone la mafuta kwenye cherehani ya bibi yake. Jina la Mbishi alipewa na babu kabla hajaanza darasa la kwanza. Aliambiwa jua limezama, akasema, "Halijazama, limejificha tu." Babu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Babu alifariki mwaka juzi, lakini jina alilompa mjukuu wake lilibaki.

Wiki mbili zilizopita, mama, aliyefanya kazi mji wa mbali, alikuwa amemtumia simu janja, ya kwanza maishani mwake. Siku za mwanzo Mbishi aliishika kama yai. Aliifuta kwa pindo la sketi na kushtuka kila ilipolia. Mara tatu alimpigia mama bila kukusudia, na mara moja akapiga picha ya sikio lake mwenyewe. Ilipofika wiki ya pili, simu haikubanduka mkononi. Akiulizwa kama mvua itanyesha, hakutazama mawingu tena.

"Simu imesema hakuna mvua leo," alimwambia bibi.

"Na hizi nguo zinazolowa kwenye kamba, nizisomee hiyo simu yako?" bibi alijibu huku akikimbilia nje.

Jambo walilobishania zaidi lilikuwa tepu ya kupimia. Ilikuwa tepu ya babu, ya manjano iliyopauka, na ncha yake haikuwepo. Ncha ile ilipochakaa na kuanza kuchanika, babu aliikata kwa mkasi, inchi nzima. Tangu siku hiyo tepu ilianzia kwenye moja, si kwenye sifuri. Kila ukipima, ulilazimika kutoa moja.

"Tununue nyingine, bibi. Hii imechakaa, tena inadanganya."

"Imempima mama yako gauni la harusi. Imekupima wewe ukiwa na siku saba. Itakaa."

"Simu yangu ina programu ya kupimia. Unalenga kamera tu, hakuna haja ya kutoa wala kujumlisha."

"Lenga mbuzi, si wateja wangu," bibi alisema, akaendelea kushona.

Alhamisi ile bibi alikwenda kuchukua miwani yake iliyokuwa ikitengenezwa. Alipokuwa mlangoni aligeuka. "Nesi atapita kupimwa. Mpime kwa tepu ya babu yako, uandike daftarini. Kitambaa chake unakijua. Usikiguse."

Mbishi alikijua. Kilikuwa kitambaa cha buluu iliyoiva, zawadi ambayo Nesi alipewa na dada yake, sasa marehemu. Nesi alikuwa amekitunza sandukuni miaka tisa. Jumamosi angeagwa zahanati baada ya kazi ya miaka thelathini, na alitaka kuvaa kitambaa hicho siku hiyo. Duka kilikotoka lilifungwa zamani, kwa hiyo kikiharibika hakuna kingine.

Nesi alipofika, Mbishi hakuitazama tepu iliyoning'inia ukutani. Alirudi nyuma hatua tatu, akanyanyua simu.

"Mwanangu, unanipima au unanipiga picha ya kitambulisho?" Nesi aliuliza.

"Ninakupima, shangazi. Simama wima, usipumue sana."

"Miaka thelathini nimewaambia watu wavute pumzi. Leo naambiwa nisipumue!"

Kwenye kioo cha simu, mstari mweupe ulitoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kifua, inchi kumi na tano. Mbishi akawaza: hiyo ni mbele, na nyuma nako kumi na tano, jumla thelathini. Akafanya hivyo hivyo kwa kiuno na nyonga, akaandika namba zote kwa mwandiko mzuri.

Bibi aliporudi alivaa miwani yake, akalivuta daftari karibu. Alisoma, akasita.

"Kifua thelathini? Nesi amekonda kiasi hiki?"

"Watu hukonda, bibi."

"Ulimpima kwa tepu?"

Hapo ndipo Mbishi angeweza kusema. Lakini alikumbuka ile "lenga mbuzi", na shingo yake ikakakamaa.

"Ndiyo."

"Na ile moja ukaitoa?"

"Nimeitoa."

Bibi akafunga daftari. "Haya. Wewe ni mbishi, lakini si mwongo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko pini yoyote aliyowahi kuokota.

Kesho yake, Ijumaa, alifanya kazi zake tatu kimyakimya. Bibi alikuwa ametandaza kitambaa mezani na kuchora mistari kwa chaki. Mbishi alitoka uani na simu yake. "Nitaonyesha kwamba simu haikosei," alijisemea. "Nikishaonyesha, hata ule uongo hautakuwa na uzito."

Karibu na bomba kulikuwa na ndoo. Akalenga kamera mdomoni mwa ndoo: inchi kumi na mbili. Akazidisha kwa mbili: ishirini na nne. Kisha akanyata ndani, akaitungua tepu ya babu na kuizungusha kwenye ndoo. Thelathini na tisa. Toa moja, thelathini na nane.

Akarudia, akaizungusha tepu kwa kuikaza mpaka vidole vikauma. Akatoa moja: bado thelathini na nane.

Akaitazama ndoo. Ndoo ni duara! Simu ilikuwa imekata moja kwa moja katikati, wala haikuzunguka. Na mwili wa Nesi nao haukuwa ubao. Ulikuwa na mbavu, mgongo na tumbo, na vyote hivyo kamera haikuvizunguka.

Kutoka ndani akasikia sauti anayoijua tangu utotoni: mkasi mkubwa ukila kitambaa.

"Bibi, acha! Usikate!"

Aliingia mbio na tepu mkononi. Mkasi ulikuwa umesimama. Kutoka kwenye pindo kwenda juu, kitambaa cha buluu kilikuwa kimekatwa shubiri moja.

"Namba ni za uongo," Mbishi alisema, akihema. "Sikumpima kwa tepu. Nilimpima kwa simu, halafu nikakudanganya."

Bibi aliuweka mkasi chini taratibu. Mbishi alitamani agombezwe.

"Nenda kamwite Nesi," bibi alisema. "Na utamwambia wewe, si mimi."

Nesi alikuja na sare yake ya kazi. Mbishi alisimama mbele yake, akaeleza yote, bila kumficha ule uongo. Nesi akakishika kitambaa mahali palipokatwa. Alikipapasa kwa kidole gumba, na macho yake yakalowa kidogo.

"Shubiri moja," alisema polepole. "Fundi, haishoneki ikawa mpasuo? Marehemu dada yangu alipenda mpasuo. Mimi nilikuwa naona haya kuomba."

"Inashoneka," bibi alisema. "Nitaweka na upande wa pili, ifanane."

Safari hii Mbishi alimpima Nesi kwa tepu. Kifua arubaini. Toa moja, thelathini na tisa. Akashinda mezani na bibi hadi jioni, yeye akipiga bandi, mishono ya kushikiza tu, bibi akishona.

Jumamosi Nesi alipita mlangoni amevaa gauni la buluu, mipasuo miwili ikicheza miguuni mwake, kichwa juu kama bibi harusi.

Baada ya kumsindikiza kwa macho, Mbishi aliisukuma simu mezani. "Mrudishie mama. Siitaki." Halafu ubishi ukamrudia. "Lakini tepu nayo inadanganya, bibi! Inadanganya inchi moja kila siku."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Inadanganya, ndiyo, na sisi tunajua inadanganya wapi. Simu yako si mbaya, ila ulikuwa hujui inapokosea, na hukutaka kujua. Sikiliza, mjukuu wangu. Unabishana na mimi, unabishana na mwalimu, ulibishana hata na jua. Kwa nini simu pekee hukuibishia? Usiache ubishi wako. Kitu kikikuambia jambo, kipime kwanza. Lakini ukigundua wewe ndiye uliyekosea, sema kabla mkasi haujaingia. Ukweli ukisemwa mapema, hutoka mpasuo. Ukichelewa, kitambaa chote huwa matambara."

Akaifungua droo, akatoa daftari kuukuu la babu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko mkubwa wa kuinama, wa kalamu ya risasi: *Toa moja. Usisahau.*

Mbishi aliusoma mara mbili. Kisha akaichukua simu, akaupiga picha ukurasa ule, akaiweka picha hiyo kwenye kioo cha mbele. Tangu siku hiyo, kila alipoiwasha, kabla simu haijamwambia lolote, babu alimwambia kwanza.