Hutaita Mara Mbili

Wali ulikwisha kuliwa, vyombo vilikwisha kusuguliwa kwa majivu, na Bi Moyna alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko akitafuna tambuu yake, kengele ya sita ilipolia.

Ililia mara moja, kwa adabu, kama anavyobisha mgeni asiyetaka kusumbua.

"Nakuja, Bibi," aliitika Bi Moyna. Akaweka kijaluba cha tambuu chini, akavuta ncha ya sari kujifunika kichwa, akaanza kupanda ngazi. Alikuwa katikati alipokumbuka kwamba Bibi Najiba amelala ukumbini, huku huku chini, na kwamba kengele ya sita ni ya chumba cha Mehru, mtoto wa Bibi. Chumba hicho kilikuwa na kufuli tangu masika, siku walipomtoa Mehru ndani yake akiwa amevikwa sanda.

Akarudi polepole jikoni kutazama ubao wa kengele za vyumba. Kengele zote zilining'inia mahali pake, kila moja kwenye springi iliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Springi ya sita ilikuwa bado inatetemeka.

"Panya," alisema, ili ndani ya nyumba isikike sauti ya mtu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa kupita watu wake. Ilikuwa Taltala, mjini Kalkata, na mwenye nyumba, Hakimu Wazed, mumewe Bibi, serikali ilikuwa imempeleka wilaya ya mbali kaskazini, huko alikokula peke yake na kusoma gazeti mpaka ukurasa wa matangazo. Naye alipozidiwa na upweke aliagiza vitu vipelekwe nyumbani. Ikaja taa yenye kivuli cha rangi ya waridi. Ikaja mashine ya maji ya soda, na mafuta ya kuotesha nywele, na sharubati ya homa ya watoto katika chupa ya buluu. Kila sanduku lilifika limejazwa majani makavu, na kila mara Bibi Najiba aliyafukua majani hadi chini kabisa, kuona kama kuna barua.

"Hilo gazeti lao," Bi Moyna alimwambia siku moja, "lina dawa ya upara, lina mpaka meno ya kununua. Mume wa kurudi nyumbani hawauzi?"

"Wanauza, Bi Moyna. Ila hawamfikishi mlangoni."

Wakacheka mpaka Mehru akateremka kuuliza kuna nini. Hapo ilikuwa bado kabla ya masika.

Homa ilimshika Mehru mvua zilipoanza. Mchana mmoja mama yake alimnywesha sharubati ya chupa ya buluu, akamwona amelala, akashuka ili yeye pia apumzike kidogo. Katika utulivu ule, mtaa mzima umelala, akasikia, "Mama." Kisha tena, "Mama." Na Kalkata yote inajua: ukiitwa saa iliyotulia na humwoni anayekuita, usiitike wala usiende mpaka mwito wa tatu. Kile kinachowachukua watu huita kwa sauti ya umpendaye, lakini huita mara mbili tu. Ya tatu hakiwezi. Bibi Najiba alilelewa hivyo, kama sote. Alikaa kitandani, mkono kifuani, akisubiri mwito wa tatu. Haukuja. Alipopanda baadaye, mtoto alikuwa amepoa.

Hakimu alifika matanga yakiwa yamekwisha. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Lau nyumba ingekuwa na kengele," akaondoka, na kabla mwezi haujaisha kikaja kipande cha gazeti pamoja na fundi. Tangazo lilikuwa na picha ya mkono mweupe ukivuta kamba, na chini yake maneno: *Kengele za nyumbani kwa familia zenye heshima. Hutaita mara mbili.*

Fundi, Bwana D'Cruz, alipitisha waya ndani ya kuta siku nzima huku akipiga mluzi. Bi Moyna alipomwona anafungua chumba cha Mehru alimfuata mbio.

"Humo hamna mtu."

"Nimelipiwa vyumba vyote, mama."

"Nakwambia hamna mtu."

"Vyumba hupata watu," alisema fundi kwa upole, akaendelea kutoboa ukuta.

Siku ya pili baada ya mwito ule wa kwanza, saa ileile ya mchana, kengele ya sita ililia tena. Na ilipokwisha kunyamaza, ikalia mara ya pili. Bibi Najiba alikuwa jikoni akipoza maziwa. Harufu ya sharubati ya homa, tamu na iliyochacha kidogo, ikashuka ngazini.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Panya, Bibi."

"Panya hanywi dawa." Akaweka bakuli chini. "Tungoje ya tatu, Bi Moyna? Eti, tungoje?"

Bi Moyna alimshika kiwiko, akamkalisha, wakakaa hivyo mpaka muadhini akaadhini alasiri. Haikulia tena. Mkono wa Bibi uligeuka baridi kama chuma cha kisimani.

Shekhe Kolim, mtu mnene mwenye pumu, aliletwa kwa gari la farasi. Alisoma, alipuliza, alifukiza ubani chumba hadi chumba. Kisha akamvuta Bi Moyna kando.

"Kuna aliyekiitikia?"

"Mimi," alisema. "Sikujua. Nimetumikia watu tangu ujana wangu, shekhe. Kengele ikilia, mdomo unaitika wenyewe."

"Huna kosa. Lakini sasa kinajua kwamba humu wanaitika." Akaomba koleo, akaukata waya wa sita palepale ukutani, akafunga kipande kilichobaki kwa uzi mwekundu. "Bibi asipande huko. Akipanda, mwite kwa jina lake. Mara tatu, bila kupumzika, ajue ni binadamu."

Nyumba ikatulia. Bibi Najiba akaanza hata kushona. Bi Moyna naye roho ikaanza kumtulia.

Kisha, mchana mmoja wa mvua, wakati Bi Moyna anapepeta mchele, kengele ya sita, iliyokuwa imening'inia haina waya, haina kamba, haina cha kuivuta isipokuwa uzi mwekundu uliolegea juu yake, ililia, ikanyamaza, ikalia, naye aliposikia nyayo tupu zikipita mbio ukumbini alitupa ungo, mchele ukamwagika, akapanda ngazi kwa mikono na miguu kama mtoto, harufu ile tamu ikimjaa puani na mdomoni, akaona kufuli liko chini na mlango umeachwa wazi kiasi cha upana wa mtu, na ndani, gizani, alisikia Bibi akisema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Nimekuja, mwanangu, safari hii sikungoja," na kikajibu kitu ambacho Bi Moyna hakuweza kukiita sauti.

"Najiba," aliita. Hakuwahi kulitamka jina lile tupu maishani mwake. "Najiba. Najiba."

Mvua ilipiga juu ya paa. Kisha mlango ukafunguka.

"Mbona wapiga kelele, Bi Moyna?" Bibi alikuwa akitabasamu. Alinyoosha sari yake, akashuka, akaomba chakula. Alikula sahani mbili za wali na samaki, akaamuru madirisha yote yafunguliwe. Bi Moyna alimtazama akila, akamshukuru Mungu, akaenda kuokota mchele uliomwagika.

Jioni, akiwa uani, alisikia akiitwa kutoka ukumbini.

"Bi Moyna."

Akainua kichwa.

"Bi Moyna."

Alingoja. Ufagio mkononi, alingoja mpaka giza likaingia. Hakuitwa tena.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Bibi alimwita mara mbili, kwa upole, kisha akanyamaza. Pumzi yake ilinukia sharubati. Bi Moyna hakuitika. Alijifunza kuwa karibu daima, akipita na ufagio, akileta maji kabla hayajatakiwa, ili asiitwe kabisa. Shekhe Kolim alikuwa amefariki kwa pumu yake. Hakimu angeandikiwa nini? Kwamba mkewe anakula vizuri? Naye Hakimu aliendelea kuagiza vitu: kioo kirefu, saa yenye ndege. Masanduku yalikaa ukumbini hayajafunguliwa. Hakuna tena aliyeyafukua majani.

Miezi ikapita hivyo, watu wawili katika nyumba ile kubwa, pasipo neno la kujibiwa. Mara nyingine usiku Bi Moyna alisema jina lake mwenyewe, asije akalisahau.

Masika yakarudi. Mchana mmoja, vyombo vimesuguliwa, aliketi kwenye kizingiti cha jiko, kijaluba cha tambuu mapajani. Mvua ilikuwa kubwa, mtaa wote umelala.

"Bi Moyna," aliitwa kutoka juu, kutoka chumba kile.

Alimfikiria mtoto aliyeita mara mbili, na mama aliyengoja mwito wa tatu.

"Bi Moyna."

Hapakuwa na sauti nyingine duniani iliyolijua jina lake. Akaweka kijaluba chini, akavuta ncha ya sari kichwani.

"Nakuja, Bibi," aliitika.