Ushuhuda wa Chiriku

Jumamosi jua likizama, wenye heri zao huwa wamekwisha kuvua viatu. Fundi wa mitambo ya redio, mama wa mtoto mmoja, ndiyo kwanza anavaa vyake. Siku hiyo alitoka na mwanawe, kwa sababu dada yake anayebaki na mtoto kila wikiendi alikuwa ameitwa kumuuguza mama mkwe.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka saba, na kwa jina la nyumbani aliitwa Chiriku. Jina hilo hakulipata bure. Aliongea akila, aliongea akioga, na hata usingizini alikuwa na la kusema. Baba yake, dereva wa malori, alipiga simu kila jioni kutoka huko barabarani, na hakuna aliyejidanganya kwamba alikuwa anamtafuta mkewe.

Getini walimkuta Mjomba Kamba, mlinzi. Alikuwa ameifunga kamba kwenye komeo, akawa anaivuta akiwa kitini, blanketi limemfunika magoti, na geti linafunguka. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Wafanyakazi walimtania kwamba ndiye mlinzi pekee aliyeajiriwa kukaa.

"Shikamoo, Mjomba Kamba. Mbona husimami? Kiti kimekung'ang'ania?"

"Marahaba. Ndiyo, kimening'ang'ania." Mlinzi hakucheka. Alimgeukia mama mtu. "Umemleta huyu humu? Jumamosi?"

"Sasa nimwache na nani?"

Mlinzi aliizungusha kamba kidoleni. "Basi asiongee-ongee huko ndani," akasema kwa sauti ya chini.

Fundi alicheka. Hilo ni sawa na kumwambia jogoo asiwike.

Siku za kazi redio ile ilikuwa ya watangazaji. Wikiendi ilikuwa ya mwenye chake. Yeyote aliyelipia saa yake aliketi mbele ya maikrofoni akasema atakalo: muuza viwanja, mwalimu wa ndoa aliyeachika mara tatu, muuza magodoro aliyecheka vichekesho vyake mwenyewe. Jengo zima lilibaki na fundi peke yake. Na magharibi ilipoingia, ndiyo ilikuwa zamu ya Tabibu, muuza dawa za kila ugonjwa.

Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Uso wake ulikuwa wa mzee aliyekula chumvi nyingi, lakini koridoni alipita kwa hatua nyepesi za haraka, kama kijana anayewahi mpira. Alinukia mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kabla ya kipindi hakuongea, alinong'ona tu. Taa nyekundu ikiwaka ndipo sauti ilipomtoka, nene, tamu, ya kumfanya mgonjwa aamini kwamba kesho atalima.

Sasa kipindi cha dawa bila simu za waliopona ni duka lisiloingia mtu, na simu zilikuwa haziji. Meneja alikuwa amemwambia fundi zamani, "Hakikisha zinaingia," na fundi hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Ikifika saa ya ushuhuda, aliipandisha laini ya simu kwenye meza ya mitambo, akachomoka hadi chumba cha habari, akapiga simu studio huku amebana pua. Amekwisha kuwa bibi anayeumwa mgongo. Amekuwa mjane asiyepata usingizi. Yote yalikuwa magonjwa ya watu wasiokuwepo, kwa hiyo hakuona anamdhuru nani.

Jioni ile alimchukua Chiriku wakaenda naye chumba cha habari, asije akabaki peke yake na kuchezea mitambo. Akainua simu.

"Haloo, Tabibu. Mimi ni mama mmoja huku ng'ambo ya daraja..."

Nyuma yake Chiriku alikuwa anakikaripia kiti, eti kimekaa vibaya mbele ya wageni.

Tabibu akanyamaza hewani.

"Mama," akasema polepole. "Ni nani huyo anayeongea hapo nyuma?"

Fundi akababaika. Ulimi ukatangulia, akili ikafuata nyuma kama kawaida yake. "Ni binti yangu, Tabibu! Alikuwa haongei kabisa. Tangu nimpe dawa yako, hanyamazi!"

Alijiona mjanja. Karibu ajipongeze.

"Sauti hiyo ameipata wapi?"

"Kwako, Tabibu."

"Unakiri mbele ya wasikilizaji wote?"

"Nakiri."

"Nashukuru," akasema Tabibu. Na kwa mara ya kwanza, hewani, alisema kwa mnong'ono.

Usiku ule walirudi nyumbani Chiriku amelegea, sauti imekwaruza. Baba alipopiga, alizungumza naye maneno machache tu. Mama akadhani ni baridi ya studio, akampa maji ya moto.

Jumapili asubuhi mtoto alikuwa mezani anasimulia ndoto, sauti nyembamba lakini ndoto ndefu, kuna mbwa aliyevaa kofia na mbwa huyo anatafuta kazi. Upande wa pili wa ukuta, redio ya jirani ilikuwa wazi. Ni saa ya marudio. Vipindi vya Jumamosi hurudiwa Jumapili, mteja apate thamani ya fedha yake. Fundi alijisikia mwenyewe kupitia ukuta, puani.

"...hanyamazi!"

Chiriku alikuwa anacheka. "Halafu yule mbwa akamwambia bosi..."

"Unakiri mbele ya wasikilizaji wote?"

"Nakiri."

Na pale pale... kimya.

Mdomo wa mtoto ulikuwa bado unafunguka na kufungika. Mbwa alikuwa bado anamwambia bosi. Lakini hakikutoka kitu, hata pumzi yenye sauti. Chiriku aliligundua hilo baada ya mama yake. Akajishika koo, akamtazama mama kama mtoto anavyomtazama mama anapoanguka: lifanye liishe.

Mama hakuweza kulifanya liishe.

Daktari wa koo alimulika taa, akasema koo ni zima, huenda mtoto ameshtuka. Baba alipiga kila jioni. "Mpe simu Chiriku." Fundi alimwekea mtoto simu sikioni, na Chiriku akalia bila sauti, na kule upande wa pili baba akawa anasema haloo, haloo, kama mtu aliyepotelewa na mtandao. Mwishowe ilibidi amweleze. Alisema mtoto anaumwa koo. La redioni hakulisema. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa amechuma kwa mdomo wake, kwa kicheko, bila hata kulazimishwa. Aibu ilimkaba kuliko hofu.

Aliifuta rekodi ya kipindi kile kwenye kompyuta ya studio, lakini sauti haikurudi. Alimpigia meneja, akamwomba kipindi kiondolewe.

"Kwa kosa gani?" meneja akauliza.

"Mtoto wangu..."

"Pole sana, mpeleke hospitali. Lakini mteja amelipia mwaka mzima, dada yangu. Wikiendi ndiyo inayotulipa mishahara, na wako umo."

Basi Jumamosi iliyofuata fundi alikata shauri. Njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa amefika mwisho wa yake. Neno lililomnyang'anya mtoto sauti lilisemwa hewani. Atalikana pale pale hewani, wasikilizaji wale wale wakisikia. Alimshika Chiriku mkono wakaondoka kabla jua halijatua.

Getini Mjomba Kamba alimtazama mtoto. Akangoja shikamoo. Haikuja. Chiriku aliinamisha kichwa tu.

Mlinzi akaiachia kamba.

"Alisema nini?" akanong'ona.

"Siye yeye. Ni mimi."

"Mimi nilisema miguu," mlinzi akasema. Akalifunua blanketi kidogo, akalirudisha upesi. Mapaja yalikuwa membamba kama vipini vya jembe. "Kabla yako mimi ndiye niliyekuwa fundi wa wikiendi. Nilipiga simu nikasema nilikuwa kiwete, Tabibu amenisimamisha. Nilikuwa nachezea timu ya mtaa, winga wa kulia. Watu walikuwa wananijua kwa mwendo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini ukaniamini? Nilimwomba meneja kazi hii ya geti ili..." Akainua kidole. "Sikiliza."

Koridoni, ndani ya jengo, hatua zilikuwa zinapita. Nyepesi. Za haraka.

"Ndiyo hizo," akasema mlinzi, macho yamejaa maji. "Kila Jumamosi nazisikia."

Fundi alitaka kukimbia. Lakini sauti ya mtoto wake ilikuwa mle ndani, si nje. Akaingia.

Tabibu alikuwa amekwisha kuketi upande wa pili wa kioo, mikono juu ya meza. Harufu ya mshumaa ilikuwa imejaa hadi chumba cha mitambo. Chiriku alijibanza kwa mama yake. Taa nyekundu ikawaka. Fundi hakumngoja mteja wake. Aliivuta ile maikrofoni ndogo ya mafundi, akaifungua, akasema kwa haraka kabla moyo haujamsaliti:

"Wasikilizaji, mimi ndiye mama wa wiki iliyopita. Nilidanganya. Mtoto wangu aliongea tangu zamani. Hajawahi kuwa bubu. Tabibu hakumpa kitu. Sauti ni yake. Ni yake, nasema... irudi kwake."

Akamtazama mwanawe.

"Sema kitu, mama. Sema chochote."

Chiriku alifungua mdomo. Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kitu.

Nyuma ya kioo Tabibu alikuwa amesikiliza yote kwa adabu, bila hasira. Alisogea karibu na maikrofoni.

"Mmemsikia," akanong'ona. "Juzi alisema hivi, leo anasema vile. Basi na aseme mwenyewe."

Akafungua mdomo.

"Shikamooni, wasikilizaji!"

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Ile ile, na pengo la jino la mbele likisikika kwenye kila s. Ilikuwa inatoka katika mdomo wa yule mzee, midomo yake mikavu inaifuata neno kwa neno.

"Mimi ndiye yule mtoto. Nilikuwa siongei, sasa naongea. Mama alisema kweli siku ile. Leo ndiyo anadanganya, msimkasirikie, amechoka. Mnataka niwasimulie ndoto? Kuna mbwa alivaa kofia..."

Taa za simu zikawaka. Moja. Ya pili. Zote. Kwa mara ya kwanza tangu kipindi kile kianze, watu wa kweli walikuwa wanapiga, kina mama wenye watoto wao, kila mmoja na la kwake la kukiri.

Mkono wa fundi uliruka kwenye meza ya mitambo, kwenye kitufe cha maikrofoni ya Tabibu, kile kinachosukumwa juu sauti ikitakiwa na kuvutwa chini isipotakiwa. Akikivuta tu, kimya. Nchi nzima kimya. Akaanza kukivuta, na sauti ya mwanawe ikaanza kufifia, ikawa ndogo, ikawa ya mbali, kama mtoto anayepotea sokoni huku anaita.

Kidole kikakataa.

Simu yake ikatetemeka mezani. Ujumbe kutoka kwa baba mtu, huko barabarani. *Nimemsikia redioni! Kumbe amepona na hamniambii! Nimesimamisha lori nalia kama mjinga. Mshukuru sana huyo mzee.*

Akasikia nguo yake inavutwa. Chiriku alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya spika, pale inapotetemeka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na rafiki yake njiani. Mbwa mwenye kofia alikuwa amefika kwa bosi. Mtoto alicheka kimya mahali pale pale ambapo sauti ilicheka. Kisha akamtazama mama yake, akainua kidole kimoja kuelekea dari.

Juu. Ongeza.

Nyuma ya kioo Tabibu alikuwa anamtazama fundi, anasubiri.

Mama alikisukuma kitufe juu.