Joto Lililogoma Kushuka

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi wa kompyuta, na yeye si mwongo kama mimi. Mwalimu mmoja alimwita: kompyuta inazimika yenyewe, na matokeo yote ya wanafunzi yamo humo. Chumba hakina hata dirisha. Shoga akabandika waya wa kipimajoto kwenye vile vidude vya kugawa umeme ndani. Tisini!

"Itaungua, mwalimu!"

Akachomoa plagi. Feni ikakoroma, ikanyamaza. Mara taa nayo ikazimika. Gizani namba za kipimajoto zikang'aa, zikashuka, zikagota thelathini na saba, joto la mwili wa mtu.

"Mwalimu, acha wasiwasi, toa kidole hapo."

"Kidole gani, dada? Niko uani natafuta mshumaa!"

Palepale namba zikaanza kushuka tena.